Misukosuko ya Fedha Huzaliwa Ndani ya Soko

Mabibi na mabwana,

Jumatatu ya tarehe 19 Oktoba 1987, faharasa ya hisa ya Dow Jones mjini New York, yaani kipimo cha jumla cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilianguka kwa asilimia 22.6 kwa siku moja. Hakuna vita iliyotangazwa siku ile, wala njaa iliyoingia. Viwanda vya Marekani vilivyokuwepo Ijumaa vilikuwepo pia Jumatatu jioni, na wafanyakazi wao walewale. Basi ile thamani ilikwenda wapi?

Hesabu za kupima hatari zilizotumika zama zile zilijengwa juu ya mkunjo wenye umbo la kengele, ambao unasema mabadiliko madogo ya bei ni mengi na makubwa ni nadra mno. Kwa mkunjo ule, siku kama ile haikupaswa kutokea hata mara moja tangu ulimwengu uanze. Mwanahisabati Benoit Mandelbrot alikwisha kuonya mwaka 1963, alipochunguza bei za pamba akaona mishtuko mikubwa inakuja mara nyingi kuliko kengele inavyoruhusu. Mwaka 1995 wanafizikia Rosario Mantegna na Eugene Stanley waliyapima mabadiliko ya faharasa ya S&P 500, inayofuata hisa za kampuni kubwa zipatazo 500 za Marekani, nao wakaikuta mishtuko hiyo. Stanley ndiye aliyeipa taaluma yetu hii, ya kuchunguza uchumi kwa mbinu za fizikia, jina lake, ekonofizikia.

Mwanafizikia akiona takwimu za namna hiyo hushtuka, maana anazijua. Ndizo za matetemeko ya ardhi. Mara nyingi huonekana pale ambapo sehemu nyingi zinasukumana, kila moja ikiitikia ya jirani yake. Kwa hiyo anaacha kuuliza ni nani aliyelipiga soko kutoka nje, anauliza waliomo ndani wamefungamana vipi.

Turudi 1987 na swali hilo. Mifuko mikubwa ya uwekezaji ilikuwa imejiwekea kinga: kompyuta ikiona bei zinashuka, iuze. Mfuko mmoja ukifanya hivyo peke yake, ni busara tupu. Lakini walipokuwa wengi, kila aliyeuza alishusha bei, na bei iliyoshuka ikamwamuru mwenzake auze. Kinga ya mmoja mmoja ikageuka hatari ya wote. Naomba mlishike hili, kwa sababu sheria nyingi za fedha bado zinaandikwa kana kwamba ukiwakagua wote, mmoja baada ya mwingine, ukawakuta wazima, basi soko zima ni zima.

Doyne Farmer, mwanafizikia, pamoja na Stefan Thurner na mwanauchumi John Geanakoplos walilionyesha jambo hili kwa modeli waliyoichapisha mwaka 2012. Mifuko ndani ya kompyuta inanunua hisa kwa fedha za mkopo. Bei ikiteleza kidogo, mkopeshaji anadai fedha zake. Mfuko unauza ili ulipe. Bei inateleza zaidi. Mteremko mdogo wa kawaida unageuka anguko, na hakuna mkono wa nje ulioligusa soko. Ukiondoa mikopo, ile mishtuko mikubwa nayo inatoweka.

Halafu ikaja 2008. Lehman Brothers, benki ya uwekezaji ya Marekani, ilifilisika tarehe 15 Septemba ikiwa na madeni ya zaidi ya dola bilioni 600. Kesho yake benki kuu ya Marekani ililazimika kuikopesha kampuni ya bima ya AIG dola bilioni 85. Siku hiyohiyo mfuko wa Reserve Primary, ambao watu waliuona salama kama akaunti ya akiba, ulitangaza kuwa kila dola yao sasa ni senti 97, kwa kuwa nao ulikuwa umeikopesha Lehman. Nani aliyekuwa na ramani ya madeni hayo yote? Hakuna.

Robert May, aliyesomea fizikia kisha akahamia ikolojia, alikuwa ameonyesha mwaka 1972 kwamba mfumo wenye viumbe wengi waliofungamana kwa nguvu unaweza kuyumba kwa sababu ya wingi huo wenyewe. Mwaka 2011 yeye na Andrew Haldane wa Benki Kuu ya Uingereza waliipeleka hoja hiyo kwenye mabenki. Mwaka uliofuata Stefano Battiston na wenzake walitoa kipimo cha kuonyesha benki moja ikianguka itaburuta sehemu gani ya mfumo.

Wapo wachumi waliotukosoa, na mwaka 2006 wanne kati yao waliandika kwamba baadhi ya wanafizikia wanawachukulia watu kama chembe za gesi zinazobadilishana fedha, bila mtu kuzalisha chochote. Walikuwa sahihi. Tena chembe haisomi utabiri ikabadili mwendo, mtu husoma. Ndiyo maana siwaahidi tarehe ya anguko lijalo.

Ninachokidai ni ramani ya madeni. Mwezi wa Novemba 2011 ilitolewa orodha ya kwanza ya mabenki 29 ambayo anguko lao lingetikisa dunia, na yakatakiwa kuweka mtaji wa ziada. Kufungamana na wengine ni kimoja cha vigezo vitano vya orodha hiyo, kikiwa na uzito wa asilimia 20. Nacho kinajumlisha tu ni kiasi gani benki inadai na kudaiwa na taasisi nyingine za fedha, pamoja na dhamana ilizozitoa sokoni. Inamdai nani, na huyo naye anadaiwa na nani, kigezo hicho hakiulizi.