Tope la Kilgore: Gari la Zamani Lisimame Wapi Ndani ya Makumbusho?

Mabibi na mabwana, makumbusho mengi yakipata gari la zamani hulipiga msasa, hulipaka rangi upya, hulizungushia kamba, kisha huweka kibao chenye jina la kiwanda na mwaka. Mtazamaji anasifu rangi, anapiga picha, anaondoka. Hajui nani alilipanda, wala alikuwa akikimbilia wapi.

Ndiyo maana leo nimewaletea habari za East Texas Oil Museum, makumbusho ya mafuta mjini Kilgore, Texas, Marekani. Yalifunguliwa 1980, miaka 50 baada ya kisima cha Daisy Bradford Namba 3 kutoa mafuta. Mchimbaji wake, Columbus Joiner, alikuwa mzee wa miaka 70, na visima viwili vya kwanza vilikuwa vimemshinda. Ndani ya jengo umejengwa mtaa mzima wa mji wa miaka ile, na magari yamewekwa barabarani, kwenye tope.

Tope hilo nalipenda kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Kilgore kilikuwa kimji cha watu mia kadhaa tu. Ghafla wakamiminika maelfu. Barabara zilikuwa za udongo, mvua za majira ya baridi zikanyesha, na malori yaliyosheheni mabomba na vyuma vya kuchimbia yakazitifua. Gari likizama hadi ekseli, injini inaunguruma bure. Wanaitwa wenye nyumbu, wale wanyama wa kazi waliozaliwa na punda na farasi, waje walivute. Tazameni wembamba wa magurudumu yale, kisha litazameni tope, mtaelewa mara moja kwa nini mji uliokuwa ukielea juu ya mafuta bado uliwategemea wanyama. Kibao gani kingeeleza hayo?

Minara ya visima ilisimama katikati ya maduka. Kiwanja kimoja cha ekari 1 na kidogo kilikuwa na visima 24. Mafuta yakazidi mahitaji, bei ya pipa ikaporomoka hadi chini ya senti 15, na Agosti 1931 Gavana Ross Sterling akapeleka askari kuvifunga visima. Kukaja mipaka ya uchimbaji, na pamoja nayo magendo ya mafuta usiku.

Lakini magari ya miaka ile yana kisa kizito zaidi. Tarehe 18 Machi 1937, gesi isiyo na harufu ililipuka chini ya shule ya New London, si mbali na Kilgore. Walikufa takriban watu 300, wengi wao watoto. Wafanyakazi wa visimani, baadhi yao wakiwa wazazi wa watoto hao, walikuja na malori na mitambo yao ya kazi, wakafukua kifusi usiku kucha. Baada ya hapo Texas ikaamuru gesi itiwe harufu, ili ikivuja watu wajue. Ninyi mnaosomea kazi ya makumbusho, mkiweka lori la miaka ile mbele ya watu, semeni lilibeba mabomba, na semeni pia lilibeba kifusi cha shule.