Theluthi Mbili ya Nini?

Walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma, asalamu alaykum, na habari za asubuhi.

Juzi mwanafunzi wa darasa la tano aliniletea daftari lake la hesabu za sehemu. Alikuwa ameandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Mwandiko mzuri, mistari imepigwa kwa rula. Nikamuuliza, "Ukipewa 2/5 ya chapati, umepata zaidi ya nusu au pungufu?" Akafikiri, midomo ikichezacheza, kisha akasema, "Pungufu, mwalimu." Basi alikuwa na nusu, akaongezewa theluthi, akaishia na pungufu ya nusu! Alilitazama daftari kwa muda. Kosa aliliona mwenyewe. Lilikotoka ndiko hakukujua.

Mimi naamini limetoka kwetu. Tunamwambia mtoto "moja juu ya mbili, moja juu ya tatu", naye anaona namba mbili zimepandana kama ghorofa. Ukimpa mtoto namba ujue atazijumlisha: za juu kwa za juu, za chini kwa za chini. Amefanya kile macho yake yalichokiona.

Sasa sikilizeni jinsi tunavyosema nyumbani. Dukani hakuna anayeomba "tatu juu ya nne ya sukari". Tunasema robo tatu. Robo ni jina la kipande, tatu ni hesabu ya vipande, kama mtu asemavyo maembe matatu. Muulize mtoto yuleyule robo moja ukiongeza robo mbili ni ngapi, atakwambia robo tatu bila kushika kalamu. Hatakwambia thumuni tatu, yaani 3/8. Na nusu ukiongeza theluthi? Hapo inafaa asite, kwa sababu ni kama kuulizwa embe moja na chungwa moja ni maembe mangapi.

Ndiyo maana nayapenda maneno yetu ya darasani, kiasi na asili. Namba ya juu ni kiasi: vipande tulivyochukua ni vingapi. Namba ya chini ni asili: kile kizima kiligawanywa vipande vingapi vilivyo sawa, kwa hiyo kila kipande kinaitwaje. Nasisitiza vilivyo sawa. Chapati ukiikata vipande vitatu ovyo ovyo, hujapata theluthi hata moja.

Na majina tunayo, tena kamili, tuliyoyapata kutoka Kiarabu: nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri, yaani 1/2 hadi 1/10 kwa mpangilio. Hata neno ushuru limetoka kwenye mzizi huohuo wa kumi. Watoto wengi leo wanaishia kwenye robo. Wazee wetu walifika mwisho.

Nimewaletea karatasi. Naikunja kwa upana ipate vipande vitatu sawa. Sasa naikunja kwa urefu ipate vipande viwili sawa. Naikunjua. Mnaona vyumba sita? Kila chumba ni sudusi. Nusu ya karatasi ni vyumba vitatu, theluthi ni vyumba viwili. Jumla vyumba vitano, yaani 5/6. Hiyo sita ndiyo tunayoiita Kigawe Kidogo cha Shirika, KDS, ambayo watoto wanaikariri kama dua wasiyoijua maana. Kazi yake ni moja: kuwapa nusu na theluthi jina moja ili zihesabike pamoja.

Baadhi yenu mmesoma mirathi madrasa, kwa hiyo nitawapa mfano kutoka huko, maana sijui mahali pengine ambapo sehemu zina uzito kama pale. Mtu amefariki, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumuni. Mabinti wana theluthi mbili. Baba ana sudusi, mama ana sudusi. KDS ya 8, 3 na 6 ni 24. Wanazuoni wa faraidhi, yaani elimu ya kugawa mirathi, huiita asili ya mas'ala, na angalieni, ni neno lilelile la darasani. Mke anapata 3, mabinti 16, baba 4, mama 4. Jumlisheni.

Ishirini na saba. Vipande 27 katika kizima cha vipande 24.

Inasimuliwa kwamba Ali bin Abi Talib, khalifa wa nne, aliulizwa swali hili akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo: thumuni yake mke imekuwa tusui. Tazameni alichokifanya. Kwa kuwa mali haiwezi kuongezeka, asili inapandishwa kutoka 24 hadi 27, kila mtu anabaki na kiasi chake kilekile. Mke bado ana 3, lakini sasa ni 3/27, ambayo ni 1/9. Wanazuoni wa Kisunni huita jambo hili aul. Kila mrithi amepunguziwa kwa uwiano uleule, na hakuna aliyeachwa nje. Kiasi hakikuguswa, asili imekua, fungu limepungua. Mtoto anayedhani 1/8 ni kubwa kuliko 1/6 kwa sababu nane inaishinda sita, mpeni kisa hiki.

Swali la mwisho ninalomuuliza kila mwanafunzi ni fupi: ya nini? Robo ya saa ni dakika 15, robo ya kilo ni gramu 250. Sarafu ya senti 50 wazee waliiita thumuni, ingawa ni nusu ya shilingi; ni thumuni ukiihesabu ndani ya shilingi 4. Na Katiba yetu ya mwaka 1977, ili kubadilisha mambo fulani ya Muungano, inataka theluthi mbili ya wabunge wote wa Tanzania Bara, na theluthi mbili ya wabunge wote wa Zanzibar, kila upande peke yake. Mkizichanganya pande hizo mbili mkatafuta theluthi mbili moja ya jumla, mmepata sheria nyingine kabisa. Tarakimu ni zilezile. Kizima ndicho kimebadilika.

Karatasi ziko hapa mezani, zinatosha wote. Kila mzazi akae na mtoto mmoja, hata kama si wake. Ikunjeni vipande vinne sawa upande huu na vitatu sawa upande ule, mpate vyumba 12. Kisha mtoto apake rangi robo tatu kwenye karatasi moja na theluthi mbili kwenye nyingine, aniambie ipi kubwa, na imezidi kwa vyumba vingapi. Msimwambie jibu.