Fundi Umeme wa Detroit

Asanteni. Kaeni, na mlioko mlangoni sogeeni mbele, leo hapigwi mtu humu.

Nimeombwa nizungumzie mabondia wanaogeuka makocha wa mtaani. Ningejisemea mwenyewe, lakini rekodi yangu mnaijua, tuiache ipumzike. Nitamsema Emanuel Steward.

Alizaliwa West Virginia, Marekani, mwaka 1944, akahamia Detroit na mama yake angali mtoto. Mwaka 1963 alitwaa taji la taifa la Golden Gloves, mashindano ya ngumi za ridhaa, zile zisizo za kulipwa, uzani wa bantam, wa mabondia wepesi. Lakini nyumbani watu wanataka kula. Akawa fundi umeme. Wangapi humu hadithi hiyo ni yao? Eeh, naiona mikono.

Mwaka 1971 alimsindikiza mdogo wake kwenye mazoezi Kronk, kituo cha michezo cha manispaa. Ngumi zilikuwa huko chini kabisa, chini ya ardhi, chumba cha joto la kutisha. Kusindikiza tu, lakini akabaki kufundisha.

Akampata kijana mwembamba, mrefu kama mlingoti, Thomas Hearns. Katika ridhaa huyu hakusifika kwa kuangusha watu. Steward akamfundisha kutulia miguuni kwanza, ndipo aachie mkono. Kuanzia 1977 alipoingia ngumi za kulipwa, katika mapambano 17 ya mwanzo hakuna mpinzani aliyesikia kengele ya mwisho.

Basi hapo ndipo wengi wetu humsifia. Mimi nampendea jikoni. Mabondia walilala nyumbani kwake, na mpishi alikuwa yeye mwenyewe.

Tena alikuwa hana kinyongo. Mwaka 1987 Hearns alimvua mkanda wa dunia Dennis Andries wa Uingereza. Andries akafunga virago, akaenda Detroit kwa kocha wa huyo huyo aliyempiga. Akapokelewa, akanolewa, na 1989 mkanda akaurudisha. Sisi hapa mtoto akihamia klabu ya jirani tunamnunia yeye na mama yake.

Nami si malaika. Juzi kijana wangu alipotea siku tatu. Nilishamwandalia adhabu, kuruka kamba mpaka aombe maji. Nikamfuata kwao. Nikamkuta kizingitini anafua bandeji zake za mikono kwenye ndoo, polepole, kama mtu asiye na pa kwenda. Nikamuuliza, "Vipi, umeacha ngumi?" Akasema, "Shikamoo kocha. Sijaacha. Nikipiga begi na njaa naona kizunguzungu, wenzangu wananicheka." Kamba nikairudisha mfukoni.

Kronk ilifungwa mwaka 2006, wezi walipong'oa mabomba ya shaba. Kumbe wa vyuma chakavu wako kila nchi! Steward mwenyewe alifariki 2012.

Sasa, Jumamosi, tukimaliza sparing, yaani kupigana kwa mazoezi, kila klabu ilete vijana wake kwangu, hata wale waliohama. Sufuria kubwa ninayo, mchele upo. Nani ana maharage?