Tuwaulize kwanza majirani wa pengo

Habari za jioni. Walio nyuma wasogee, viti vya mbele vipo, na nawaahidi kwamba leo sing'oi mtu.

Nianze na methali ambayo wengi wetu tumekua nayo: jino la pembe si dawa ya pengo. Mimi ni daktari wa meno, na kazi yangu ni kutengeneza hayo hayo meno ya pembe, hasa madaraja ya kuziba pengo, kwa hiyo kila nikiisikia naona kama nasemwa. Zamani nilikuwa naipinga waziwazi. Siku hizi nakubaliana nayo nusu, na nimekuja kuwaeleza ni nusu ipi.

Hiyo pembe yenyewe si mapambo ya maneno. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu la kwake. Watu hupenda kusimulia kwamba meno yake ya bandia yalikuwa ya mbao. Si kweli. Yalichongwa kwa pembe ya kiboko, yakachanganywa na meno ya binadamu, na yakaachiwa tundu ili lile jino moja lililobaki lipate pa kupita. Hata hivyo yeye alichelewa. Zaidi ya miaka elfu mbili kabla yake, Waetruski, watu wa kale wa Italia, walikuwa wakizungushia utepe mwembamba wa dhahabu kwenye meno yaliyosimama, kisha ndani ya utepe huo wanashikiza jino la kujazia nafasi iliyo wazi. Huo ndio babu wa daraja la meno. Nawaomba mkumbuke jambo moja kuhusu utepe ule: uliyakumbatia meno jirani, haukuyageuza kuwa vigutu. Nitarudi hapo.

Kwanza pengo. Wengi hudhani pengo ni mahali ambapo hakuna kinachotokea. Jamani, pengo lina shughuli nyingi. Meno hayakukaa kwenye taya kama misumari ukutani. Kila jino limeshikwa na nyuzi laini zinazoliunganisha na mfupa, na linabaki mahali pake kwa sababu wenzake wanalizuia. Mwondoe mmoja, wa nyuma huanza kuinamia mbele. La upande wa pili, lililokuwa likikutana nalo wakati wa kutafuna, halina tena wa kulizuia, linarefuka taratibu kuelekea kwenye uwazi. Mfupa nao uliokuwa umelibeba jino lililong'olewa hupungua, na hupungua kwa kasi zaidi mwanzoni: katika mwaka wa kwanza upana wake unaweza kupotea kiasi cha nusu. Ndiyo maana mtu akija baada ya miaka kumi akasema, "Daktari, nizibie hapa tu," mara nyingi hilo "hapa tu" limeshakuwa jambo jingine kabisa.

Lakini nisiwatishe. Si kila pengo lazima lizibwe. Mtafiti mmoja wa Uholanzi, Arnd Käyser, mwaka 1981 aliandika kuhusu watu waliopoteza magego ya nyuma wakabaki na meno yapatayo 20 yaliyopangika vizuri, na wengi wao walitafuna na kuishi bila shida. Gego la mwisho kabisa likiondoka, na nyuma yake hakuna kitu, ushauri wangu kwa kawaida ni mfupi: liache. Kuna majirani wengine wanaokaa palepale miaka na miaka bila kuinama hata kidogo. Tunapima, tunapiga picha, tunasubiri miezi kadhaa, tunapima tena. Kusubiri nako ni tiba, ingawa mgonjwa anaona kama hajatibiwa.

Sasa daraja. Kulieleza ni rahisi. Meno mawili yanayopakana na pengo yanachongwa na kuvishwa kofia. Wengine huziita taji. Kati ya kofia hizo mbili limeunganishwa jino la bandia lisilo na mzizi, linalogusa ufizi bila kuukandamiza. Vipande vitatu, kitu kimoja. Kinabandikwa kwa saruji maalumu, na usiku hukitoi kukiweka kwenye glasi ya maji. Mtu akilizoea husahau lipi ni lake na lipi ni la fundi.

Tazama sasa nani anafanya kazi. Nguvu ya kutafuna inayoliangukia lile jino la kati haishuki kwenye mfupa ulio chini yake, maana halina mzizi wa kuipitisha. Inakwenda pembeni, kwa majirani. Mizizi ya wawili inabeba mzigo wa watatu. Mwaka 1926 daktari wa meno aitwaye Ante alitoa kanuni ambayo mpaka leo wanafunzi wa udaktari wa meno wanaikariri: eneo la mizizi ya meno yanayobeba daraja lisiwe dogo kuliko eneo la mizizi ya meno yaliyopotea. Kanuni hiyo imebishaniwa sana, na yapo madaraja yaliyoivunja na bado yanadumu. Mimi naipenda kwa sababu inamlazimisha daktari kuacha kukodolea macho pengo na kuwatazama wanaobeba.

Halafu kuna kuchonga, na hapa nitakaa kidogo.

Enameli, lile ganda la nje la jino, ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini mwako. Na ni kitu ambacho mwili haukitengenezi tena. Mfupa ukivunjika unaunga, ngozi ikikatwa inajifunga, enameli ikiondoka imeondoka. Sasa ili kofia ipate unene wa kutosha bila jino kuonekana limevimba, lazima tupunguze milimita moja hadi mbili kuzunguka jino lote. Milimita mbili si kitu kwa fundi wa milango. Kwa jino ni mali nyingi. Watafiti waliopima meno ya mbele yaliyochongwa kwa ajili ya kofia kamili walikuta kwamba kati ya asilimia 63 na 72 ya sehemu ya jino iliyo juu ya ufizi ilikuwa imeondolewa. Rudieni hiyo hesabu kichwani. Umepoteza jino moja, na ili kulirudisha umetoa zaidi ya nusu ya mengine mawili.

Jino halichongwi likanyamaza, kwa sababu ndani yake kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Mara nyingi kinavumilia. Mara nyingine kinakufa kimyakimya: takriban jino 1 kati ya 10 lililokuwa hai wakati wa kubeba daraja hufa kiini ndani ya miaka kumi, na hapo tunatoboa kofia ili kusafisha mzizi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza daraja ni zuri au baya, namuuliza majirani zako wana hali gani. Kama yale meno mawili tayari yamezibwa mara tatu nne, yana nyufa, yanahitaji kofia hata kama pengo lisingekuwapo, basi daraja ni jambo la busara. Unatibu matatu kwa mkupuo mmoja. Kama ni meno mazima yasiyo na doa, kuyachonga kwa ajili ya mwenzao aliyekufa ni jambo ambalo mkono wangu hulifanya kwa kusita, na nataka mgonjwa naye asite kidogo.

Ndipo narudi kwa Waetruski. Mwaka 1955 Michael Buonocore wa Marekani alionyesha kwamba ukipaka asidi ya fosforasi kwenye enameli, uso wake unakuwa na vinyweleo vidogo mno, na gundi ya plastiki ikipakwa hapo inang'ang'ania kweli kweli. Mwaka 1973 Mfaransa Alain Rochette akaeleza namna ya kugandisha kipande cha chuma chenye matundu nyuma ya meno ya mbele. Miaka michache baadaye, katika Chuo Kikuu cha Maryland, wakapata njia ya kukikwaruza chuma chenyewe kwa kemikali ili gundi ishike pande zote mbili. Daraja hilo mpaka leo linaitwa Maryland: jino la bandia lenye bawa jembamba nyuma yake, na bawa linagandishwa kwenye mgongo wa jirani, ambaye anakwanguliwa kidogo sana au haguswi kabisa. Likibanduka, tunaligandisha tena. Jirani bado mzima.

Jambo lililotushangaza wengi ni kwamba kwa meno ya mbele bawa moja mara nyingi hudumu kuliko mawili. Ungetarajia kinyume. Sababu ni kwamba kila jino hutikisika kidogo kwa namna yake unapouma. Ukiyafunga mawili pamoja yanavutana mpaka gundi ya upande mmoja inaachia. Lenye bawa moja linamfuata mwenyeji wake anakokwenda.

Kwenye magego ni habari nyingine, nguvu za huko ni kubwa. Na ipo njia ya tatu, ya kupandikiza skrubu ya titani ndani ya mfupa, ambayo Per-Ingvar Brånemark wa Sweden alianza kuitumia kwa binadamu mwaka 1965. Haimgusi jirani hata mmoja. Lakini inataka mfupa wa kutosha, upasuaji na miezi ya kungoja, na si kila mwili wala kila mfuko unaiweza. Leo siizungumzii zaidi ya hapo.

Nimekuja na rula. Naiweka juu ya vitabu viwili hivi, naibonyeza katikati. Inapinda kidogo. Sasa navisogeza vitabu, nafasi inakuwa mara mbili. Nabonyeza kwa nguvu ileile. Mmeona? Haikupinda mara mbili. Kwa hesabu za wahandisi, urefu ukiwa maradufu kupinda kunakuwa mara nane. Na ukipunguza unene kwa nusu, mara nane vilevile.

Nilipokuwa mgeni kazini sikuiheshimu rula hii. Mzee mmoja alikuja na pengo la meno matatu, upande mmoja chonge, upande wa pili gego la nyuma lililoinama. Alitaka daraja, hakutaka meno ya kuvua na kuvaa. Nilimweleza, akasisitiza, nikajisifu moyoni kwamba mkono wangu utaweza. Siku namkabidhi tulipigana picha. Daraja halikufikisha miaka mitatu. Alirudi nalo kwenye leso, na ndani ya kofia moja lilikuwamo chonge lake, limekatika sawasawa na ufizi. Alikuwa na pengo la matatu, nikamwachia la manne. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Utaratibu wa kiti hauna mengi. Siku ya kwanza ganzi, kuchonga, kuchukua kipimo kwa donge laini linaloganda au kwa kamera ndogo, kisha unavishwa daraja la muda la plastiki. Fundi anachonga la kweli, la kauri ngumu iitwayo zirkonia au la chuma kilichofunikwa kauri. Siku ya pili tunalijaribu kabla ya kulibandika. Hapo usione haya. Kama linagonga kabla ya mengine unapofunga mdomo, sema. Kama rangi si yako, sema. Saruji ikishakauka tutasikilizana kwa shida.

Naam, mama, umenyoosha mkono muda mrefu.

Mama anauliza kama hilo jino la bandia nalo linaoza. Haliozi, mama. Kauri haina cha kuoza. Kinachooza ni jino lako lililo chini ya kofia, na linaanzia pale pembezoni, kofia inapoishia na jino linapoanza. Ukoga ukijikusanya pale, asidi inapata njia. Kwa hiyo mtu mwenye daraja ana kazi ya usafi kubwa kuliko asiye nalo. Kuhusu kudumu, nitakwambia tunachokijua: kati ya madaraja 10 ya kawaida, karibu 9 bado yamo mdomoni baada ya miaka 10. Yakifika miaka 15, karibu robo yameshaondoka.

Kijana wa pale mlangoni, uliza. Anasema atajuaje kama daraja limelegea, ikiwa haliumi. Swali zuri kuliko mhadhara wangu. Daraja likibanduka pande zote mbili una bahati, maana linaanguka mkononi na unakuja mbio. La hatari ni lililobanduka upande mmoja. Upande wa pili umelishika, unatafuna kama kawaida, kumbe chini ya kofia iliyoachia mate na mabaki yanaingia na kutoka kila siku. Jino linageuka unga na kofia juu yake inang'aa. Ishara zipo: ladha mbaya inayokuja upande mmoja, harufu, baridi inayochoma ghafla. Mimi kwenye kiti huwa nalilowesha maji, nalibonyeza kwa kidole juu chini, na kutazama ukingo wa kofia. Vikitoka viputo vidogo, limeachia.

Uzi wa kawaida wa meno hauwezi kushuka katikati, kwa kuwa vipande vitatu vimeungana juu. Unaupitisha kwa chini, kutoka shavuni kwenda kwenye ulimi. Upo wenye ncha ngumu kama sindano na katikati umefumuka kama sufi. Ninao hapa, na nina taya la plasta lenye daraja. Atakayetaka asogee, aupitishe mwenyewe. Kijana, njoo uanze wewe. Ingiza ncha hapo chini ya jino la kati. Usivute juu. Vuta kwa mbele, sasa ukumbatishe jirani wa kushoto, panda na kushuka. Haya, na wa kulia.