Chumvi na Sukari Zinavyowanyima Vijidudu Maji

Ndugu zangu, kabla sijaanza, tazameni sahani hii. Nimekata kipande cha tango na kukinyunyizia chumvi sasa hivi. Tutakirudia.

Watu wengi huamini kwamba chumvi ni sumu ya vijidudu. Si hivyo hasa. Kazi yake kubwa ni kuwanyima maji. Bakteria, hamira na kuvu hawana mdomo. Kila wanachokula huingia kikiwa kimeyeyuka katika maji, kupitia utando wa seli. Chumvi au sukari ikizidi nje, maji ya ndani hutoka kuifuata. Seli hunywea, utando wake hubanduka kwenye ukuta, kazi zote zikasimama. Wengine hufa, lakini wengi hulala tu. Ndiyo maana samaki wa chumvi ukishamloweka chumvi ikatoka, usimwache mezani: mpike au mweke kwenye baridi.

Maji haya yanayopatikana kwa kijidudu yana kipimo chake, kuanzia 0 hadi 1, maji safi yakiwa 1. Nyama mbichi ina takriban 0.99. Bakteria wengi hukwama chini ya 0.91. Kuna mmoja msumbufu, stafilokokasi, anayevumilia hadi karibu 0.86, na kuvu wachache hufika 0.61. Kwa hiyo chumvi ya kunyunyiza juujuu haitoshi. Samaki mnene anaweza kuonekana mzuri kwa nje huku karibu na mfupa ameshaoza, kwa sababu chumvi haikufika huko kwa wakati. Mpasueni, jamani.

Mbona basi jemu hutaka sukari nyingi hivyo, asilimia 60 na zaidi? Hesabu chembe. Chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa sodiamu na kloridi. Molekuli ya sukari hubaki nzima, na ni nzito karibu mara 6. Kwa uzito uleule, chumvi hutoa chembe karibu mara 12, na kinachoyashika maji ni wingi wa chembe.

Asali huwanyima maji zaidi kuliko jemu, kipimo chake ni takriban 0.6, hakuna bakteria anayekua humo. Lakini mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu inayopoozesha misuli, huweza kulala ndani yake zikiwa hai, na utumbo wa mtoto mchanga hauna uwezo wa kuzizuia. Aliye chini ya miezi 12 asilambishwe asali, hata tone. Hili nawasihi.

Na ukungu juu ya jemu hutoka wapi? Mvuke hujikusanya chini ya kifuniko, tone likadondoka, tabaka la juu likawa jepesi. Kuvu huanzia hapohapo. Kijiko chenye maji hufanya vivyo hivyo.

Sasa rudini kwenye sahani. Tango limelegea, limezungukwa na maji ambayo sikuyamimina mimi. Anayetaka aje alibonyeze kwa kidole.