Sheria Isiyojua Kukataa: Ugomvi wa Madini kwenye Ardhi ya Umma Marekani

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, ndugu wanafunzi, asanteni kwa kunipokea. Wengi mmekuja mkitarajia simulizi ya wanamazingira upande mmoja na makampuni upande wa pili. Ugomvi huo upo, sikatai. Ila mimi naanza na karatasi moja, sheria ya madini iliyotiwa saini na Rais Ulysses Grant tarehe 10 Mei 1872, kwa sababu mengine yote yamezaliwa humo.

Sheria hiyo, kwa kifupi, inasema hivi: raia akigundua dhahabu, fedha au shaba kwenye ardhi ya shirikisho iliyoachwa wazi, akapiga vigingi vyake na kutimiza masharti ya usajili, ana haki ya kuchimba pale. Haombi kupewa eneo, analichukua. Mrabaha, yaani sehemu ya mapato ya madini, kwa serikali kuu haupo hadi leo. Na aliyetaka ardhi yenyewe iwe mali yake kabisa alilipia ekari moja dola 2.50 au dola 5, kutegemea aina ya mbale, yaani mawe au mchanga wenye madini.

Mwaka 1994 Waziri Bruce Babbitt, msimamizi wa ardhi ya umma, akiwa amebanwa na amri ya mahakama, alitia saini hati ya kuipa kampuni ya American Barrick karibu ekari 2,000 kule Nevada. Dhahabu iliyokuwa chini yake ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 10. Kampuni ililipa dola 9,765. Na kampuni haikuvunja sheria yoyote, mkumbuke hilo! Mwaka huohuo Bunge lilizuia fedha za kushughulikia maombi mapya ya hati kama hizo, na zuio hilo limekuwa likirudiwa katika bajeti mwaka hadi mwaka. Kifungu chenyewe hawajakifuta.

Sasa linganisheni na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Haya yaliwekewa sheria yake mwaka 1920. Anayeyataka hukodishiwa eneo na hulipa mrabaha. Na hapa ndipo penye uzito kuliko hata fedha: serikali inaweza kukataa kukodisha. Kwa dhahabu na shaba, ofisa wa ardhi hana neno hilo mdomoni mwake. Sheria ya mwaka 1976 ilimpa kazi ya kuzuia uharibifu usio wa lazima au uliopita kiasi, lakini kiasi ni kipi? Mwaka 2000, serikali ya Clinton ikiwa ukingoni, ilitoa kanuni zilizomruhusu ofisa kukataa mgodi ambao ungeleta madhara makubwa yasiyorekebishika. Mwaka 2001 serikali ya Bush ikakiondoa kipengele hicho.

Msidhani lakini kwamba huu ni mvutano wa vyama tu. Mwaka 2007 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa mrabaha: asilimia 8 kwa migodi mipya, asilimia 4 kwa iliyokuwapo. Ulikwama kwenye Seneti, ambako kiongozi wa Wademokrati waliokuwa wengi alikuwa Harry Reid wa Nevada, mtoto wa mchimba migodi. Mgodi wa lithiamu wa Thacker Pass, hukohuko Nevada, uliidhinishwa Januari 2021 katika siku za mwisho za Trump. Serikali ya Biden ikautetea mahakamani, kisha ikaupa mkopo wa dola bilioni 2.26. Kwa maoni yangu, ukitaka kujua mwanasiasa atapiga kura vipi, tazama kwanza jimbo lake lina nini chini ya udongo.

Kwa kuwa ofisa hawezi kukataa, ugomvi huhamia mahakamani. Huko Arizona, mgodi wa shaba wa Rosemont ulitaka kumwaga magwangala yake, yaani mabaki ya mawe ya mgodi, kwenye msitu wa taifa. Mwaka 2019 jaji aliuliza swali ambalo kwa miaka mingi lilipitwa tu: penye magwangala pana madini gani? Kama hakuna ushahidi wa mbale yenye thamani, haki ya mwaka 1872 inatoka wapi? Mahakama ya rufaa ilikubaliana naye mwaka 2022. Makampuni yakakimbilia Bunge kuomba sheria irekebishwe, na miongoni mwa waliowaunga mkono ni seneta wa Nevada, Mdemokrati.

Nimalizie na Oak Flat, hukohuko Arizona, mahali patakatifu kwa Waapache, wenyeji wa asili wa huko. Pale serikali ilikuwa imeshakataa: tangu 1955, enzi za Eisenhower, sehemu ya eneo hilo ilifungwa isichimbwe. Basi ikatafutwa njia nyingine. Desemba 2014 kifungu kilichomekwa ndani ya sheria ya bajeti ya ulinzi kiliagiza eneo hilo, lenye karibu ekari 2,400, libadilishwe na ardhi nyingine ya kampuni ya shaba ya Resolution Copper, inayomilikiwa na Rio Tinto na BHP. Likishabadilishwa, si ardhi ya umma tena, na kanuni za ardhi ya umma hazina pa kushika. Waapache walikwenda mahakamani kwa hoja ya uhuru wa kuabudu. Mei 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuisikiliza kesi yao. Jaji Gorsuch, mhafidhina aliyeteuliwa na Trump, aliandika kupinga uamuzi huo, na Jaji Thomas akamuunga mkono.