Jeli inayojiendesha bila betri: mhadhara kwa walimu na wanafunzi wa sayansi, Mtwara

Nianze na mzee Belousov, maana jeli yetu inaanzia kwake, wengine mmeshanisikia nikimsema, mtanivumilia. Boris Belousov, mkemia wa Urusi ya Kisovieti, mwaka 1951 alichanganya asidi ya sitriki, bromati (chumvi yenye bromini) na seriamu, ambayo ni metali, alitaka kuiga kwenye chupa mambo yanayotokea ndani ya seli. Akashangaa rangi ya njano inapotea, inarudi, inapotea tena, inarudi. Akaandika akapeleka kwenye jarida, wakamjibu haiwezekani. Jamani! Mtu kakuletea vipimo vyote, changanya uone kwa macho yako, wewe unamrudishia karatasi zake! Mpaka 1959 ndo kikatoka kipande kifupi tu, tena kwenye kijitabu cha mambo ya tiba ya mionzi, nani akisome? Kijana Anatol Zhabotinsky akaifufua hiyo kazi miaka ya 60, na 1980 ikapewa Tuzo ya Lenin, mzee keshafariki tangu 1970.

Mnaniuliza kwa nini sichoki na habari hii, ni kwa sababu hata huku kwetu mtoto anachorewa mshale mmoja ubaoni, vitu vinaingia kushoto vinatoka kulia, basi, anaondoka anaamini kemia ni hiyo tu. Na najua wa fizikia mtasema hii inavunja sheria ya pili ya thamodainamiki, ile inayosema mabadiliko ya asili yanaenda upande mmoja, hayajirudishi yenyewe. Haivunji! Malighafi inaliwa mpaka iishe, zinazopanda na kushuka ni zile kemikali zinazotokea katikati ya njia, chupa ukiifunga ukaiacha itatulia tu.

Sasa 1996 Ryo Yoshida na wenzake kule Japani wakachukua polima, yaani molekuli ndefu kama minyororo, wakaifungia humohumo kichocheo (kitu kinachoharakisha reaksheni) cha metali ya rutheniamu, reaksheni ya Belousov ikawa inaendelea ndani yake, na jeli ikawa inavimba na kusinyaa yenyewe, inavimba na kusinyaa, hakuna waya wala kompyuta. Vijana wangu mmezoea kwamba kitu kikijiongoza lazima kuna chipu ndani. Hapana, reaksheni yenyewe ndo inaamua.

Kazi ya Joanna Aizenberg wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, 2012, nipitie haraka. Vinguzo vidogo sana vimesimamishwa ndani ya jeli, ncha zina kichocheo. Ikipoa jeli inavimba, vinguzo vinanyooka, ncha zinagusa kimiminika cha juu, joto linatoka, likizidi jeli inasinyaa vinainama joto linakatika. Inajipimia yenyewe! Na Anna Balazs wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh ameonyesha kwa hesabu za kompyuta vipande vya jeli vinavyopeana habari kwa kemikali inayosambaa majini mpaka vikasogeleana, ila hapo tungehitaji siku nzima.

Anayesema jeli hizi zitiwe mwilini kesho asubiri, ile ya mwanzo ya Yoshida inaishi kwenye asidi kali, na bromati ni sumu.

Nilitaka pia tuongee mafuta ya ganda la korosho, yaleyale yanayounguza mikono ya kina mama wabanguaji, maana ukiyachemsha unapata kadanoli na watu wanatengenezea polima, sisi tuna maganda malundo kwa malundo. Muda umeniishia, anayetaka hilo tukae baada ya alasiri.